Kiingilio Ndicho Rahisi

Wataalamu wa fedha wanaohojiwa redioni husema kuipeleka familia matembezini si jambo gumu. Andika nauli, andika malazi, andika chakula na viingilio, jumlisha, gawanya kwa miezi iliyobaki, weka akiba. Nawaheshimu, lakini naona wazi kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye mama mkwe hapa kwetu Muyinga, Burundi. Hesabu yao inaanza na neno "familia" kana kwamba kila mtu anajua familia inaishia wapi.

Kwetu chokochoko ilianzia kwenye simu. Shemeji yangu aliyeko Marekani aliwapeleka wanawe Disneyland, akatutumia video: treni zinapanda na kuporomoka, abiria wanapiga mayowe kwa hiari yao, na panya mwenye kaptula nyekundu anapeana mikono na kila mtoto kama mgombea ubunge. Wanangu waliitazama mpaka chaji ikaisha, wakaenda kuchaji kwa jirani, wakaitazama tena. Kisha binti yangu mkubwa akaja dukani kwangu kwa niaba ya wenzake.

"Papa, likizo kubwa tunakwenda wapi?"

Afrika nzima haina Disneyland. Iliyo karibu nasi ni ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, na kuifikia kunataka viza, viza inataka barua ya benki, na barua ya benki inataka uwe na kitu benki. Nikaishusha ndoto hadi Dar es Salaam, kule Kunduchi kwenye mabwawa yenye mitelezo mirefu. Sisi watu wa Muyinga tunaiona Tanzania ni ya jirani. Mpaka wa Kobero uko hapo tu, na malori ya Dar yanapita kutwa. Lakini lori kupita karibu na duka lako hakukupunguzii nauli. Basi Bujumbura? Kuna ufukwe wa Saga, kuna Musée Vivant yenye mamba na nyoka. Mama watoto akauliza swali moja.

"Bujumbura una ndugu wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, nikaacha. Gitega tulikuwa na nyumba moja ya ndugu, ya binamu yangu. Gitega ikashinda kwa kigezo hicho peke yake.

Ikabaki kazi ya kuiuza kwa watoto waliokwisha kumwona panya. Nikawaambia ndio mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, hawakutingishika. Nikawaambia Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, mwaka uleule ilipofunguliwa Disneyland ya California, kwa hiyo hawa wawili ni marika. Mdogo wao akauliza kama ya Gitega nayo ina treni. Nikamjibu kwamba Burundi nzima bado haina reli, ile ya kutoka Uvinza ikifika tutazungumza. Nilipoona soko linalala, nikatoa Gishora: kilima cha ngoma za wafalme, wanaume wanaobeba magogo kichwani huku wanayapiga, na kuruka hewani mpaka unahofia magoti yao. Hapo wakakubali.

Usiku huo nikachukua daftari la madeni ya duka, nikaligeuza nyuma mbele, nikapiga mistari. Watu, nauli, chakula, viingilio, dharura. Ilikuwa bajeti safi kabisa. Ilidumu hadi asubuhi.

Asubuhi mama mkwe alipita kuomba chumvi. Tangu nimuoe binti yake sijamwona akikosa chumvi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnapita Karuzi."

Hakuuliza, alinijulisha. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, kwamba dada yake yuko Karuzi na hawajaonana tangu msiba wa mumewe. Mkwe mwenye adabu hajibu sentensi ya namna hiyo kwa tarakimu. Nikafuta safu ya kwanza, nikaandika upya. Mama mkwe hasafiri bila mjukuu wa kumshikia mkoba, na mjukuu huyo ana mdogo wake ambaye hakubali kubaki. Jirani aliyetuchajia simu naye akakumbusha, kwa upole mwingi, kwamba mwanawe hajawahi kuona ngoma. Gari dogo aina ya Probox tulilokuwa tumelipatana likageuka Hiace, na dereva wa Hiace akaja na utingo, na utingo naye anakula.

Malazi nilikuwa nimeyaandikia sifuri, maana tunalala kwa binamu. Mama watoto alipoiona sifuri ile alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaijaza: mchele, sabuni, mafuta ya mawese, kitenge cha mke wa binamu, biskuti za watoto wao, na sukari, ambayo kwetu siku hizi mwenye kuiona humnong'oneza mwenzake. Hoteli ingekuwa nafuu kwa mbali. Lakini kulala hotelini katika mji ambao una ndugu ni kutangaza ugomvi, na gharama ya kuusuluhisha inazidi ya chumba.

Tulipaswa kuondoka Ijumaa. Ijumaa gari halikuwa na petroli. Msomaji aliye nje ya Burundi ajue kwamba miaka hii petroli kwetu hufika kituoni bila taarifa, hukaa saa chache, kisha huondoka bila kuaga. Dereva alikuwa foleni tangu usiku, na akawa ananipigia kunipa habari.

"Mzee, nimefika kwenye kona."

"Kona ipi?"

"Ile ya kwanza."

Kuna bei ya kituoni na kuna bei ya dumu. Tofauti ya bei hizo mbili ilimeza safu yote ya dharura kabla gurudumu halijazunguka.

Tukaondoka Jumamosi alfajiri. Jumamosi asubuhi, Burundi ni ya kazi za jumuiya: kila kilima kinatoka na majembe, na magari barabarani yanasimama mpaka kazi iishe. Hesabu yetu ilikuwa kuifikia Karuzi kabla ya majembe. Lakini mjukuu mmoja alitapika, mwingine akasahau kiatu, na majembe yakatuwahi. Tulisimamishwa kwenye kilima fulani, sisi na nguo zetu za sikukuu. Bwana mmoja mwenye kofia ya pama akachungulia ndani ya Hiace, akahesabu wenye nguvu, uso ukamng'aa. Tukashuka kuzibua mtaro.

"Papa," mdogo akaniuliza, matope yakiwa magotini, "huu ndio mchezo wa kwanza?"

Mama mkwe alikabidhiwa jembe, akamaliza kipande chake, akaja kumalizia changu. Mpaka magari yanaruhusiwa alikuwa amejua kina mama wote wa pale, nani kaoa nani na nani ana deni la nani, na amepewa mkungu wa ndizi uliofungwa juu ya gari. Mimi nilipewa pole.

Nilijifariji kwa jambo nililowahi kusoma. Disneyland ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, maelfu waliingia kwa tiketi za bandia, lami ilikuwa laini kwa joto hata visigino vya wanawake vikazama, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba. Na wao walikuwa na benki nyuma yao.

Karuzi nilijaribu ujanja. Mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ilipunguzwa ikawa 5; sisi Muyinga tukaingizwa Buhumuza, na Karuzi ikawa sehemu ya mkoa wa Gitega. Kwa hiyo tuliposimama kwa dada yake mama mkwe nikawatangazia watoto, kwa mujibu wa sheria, kwamba tumefika Gitega. Binti yangu mkubwa akatazama huku na huku. "Ngoma ziko wapi?" Sheria haikunisaidia.

Pale tulisema tunasalimia tu, hatukai. Kauli hiyo hakuna aliyewahi kuiamini. Maharage yalikuwa jikoni, ugali ukasongwa, dagaa wakaungwa, na wale kina dada wawili wakalia kidogo, wakacheka sana, wakalia tena. Tulitoka jua linashuka, tukiwa na kuku wawili wenye miguu iliyofungwa chini ya kiti cha nyuma.

Tulilala Gitega kwa binamu, na kesho yake makumbusho tuliyamaliza mapema. Ni ukumbi wa kutazamwa taratibu: ngoma, mikuki, vikapu, vyungu, picha za wafalme. Watoto walizunguka mara moja, wakatafuta mlango wa kuelekea kwenye michezo. Mama mkwe ndiye aliyesimama muda mrefu, mbele ya chungu.

"Hiki ninacho jikoni," akasema. "Na mimi nianze kutoza?"

Gishora iko kilomita chache tu nje ya mji, na hapo daftari langu lilipata heshima kidogo. Mahali penyewe palianzishwa na mfalme Mwezi Gisabo, yule aliyewasumbua Wajerumani kabla ya kufa kwake mwaka 1908, na ndipo zinapotunzwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa. Kuna nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, na mtu wa kukuongoza. Alianza vizuri. Kisha mama mkwe akainama, akaingia, akaona mpangilio wa ndani, akaanza kueleza mwenyewe: hapa hukaa maziwa, hapa analala nani, huku mgeni hafiki. Yule kijana alimsikiliza kwa mikono iliyokunjwa nyuma. Mwishoni yeye ndiye aliyemuuliza mama mkwe maswali.

Bei ya ngoma ikawa ya onyesho zima, muwe wawili au mjae Hiace. Nikagawanya papo hapo. Kwa ile familia ya daftarini, ya baba, mama na watoto, kila kichwa kingelipa pesa ya kuumiza. Kwa kundi lililokuwa limesimama pale, pamoja na mtoto wa jirani, dereva na utingo, ilikuwa nafuu kuliko soda. Mama mkwe alinitazama nikigawanya. Hakusema neno, na ningependa angesema.

Kisha wakatokea, ngoma kichwani, wanaziimbia huku wanazipiga. Kila moja ni kipande kizima cha mti wa umuvugangoma kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Mti wenyewe jina lake limebeba ngoma. Ngoma ya katikati inaongoza, nyingine zimeizunguka nusu duara, na kila mpigaji kwa zamu anaingia, anaruka, anapitisha fimbo shingoni, anarudi. Sauti huisikii masikioni kwanza, inakufika tumboni. UNESCO iliiweka ngoma hii kwenye orodha yake mwaka 2014, lakini mdogo wetu hakuhitaji UNESCO. Alikuwa amejificha nyuma ya bibi yake, jicho moja nje, na panya sikumsikia akitajwa tena siku ile.

Binti yangu mkubwa aliuliza kwa nini wote ni wanaume. Nikamweleza kwamba tangu amri ya rais ya mwaka 2017 wanawake hawaruhusiwi kuipiga ngoma hii. Akauliza nani alichimba mtaro jana vizuri kuliko wote. Swali hilo halikuwa na safu kwenye daftari, na mimi nadhani ana hoja.

Tulipokula mishikaki na ndizi mjini niliikagua hesabu. Viingilio vyote, makumbusho na ngoma, vilikuwa ndio mstari mfupi kuliko yote. Fedha iliteketea kwa petroli, zawadi, na vitu vinavyoitwa "ni kidogo tu". Upande wa mapato sikuwa nimeuweka kabisa, kwa hiyo sikuwa na pa kuandika mkungu, kuku, gunia la viazi tulilopewa na binamu, na mtoto wa binamu ambaye ameamua kumalizia likizo Muyinga.

Mwakani watoto wanataka Rutovu, kwenye piramidi ndogo ya mwaka 1938 iliyojengwa penye chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Mama mkwe ana binamu yake upande wa Bururi, na wiki hii chumvi yake imekwisha tena. Msomaji mwenye Hiace nzima, yenye petroli ndani na isiyotembea Jumamosi asubuhi, anitajie bei mapema. Anitajie mimi, dukani, si nyumbani.