Chupa Kumi na Moja

Usiku wa manane mlio mmoja ulituamsha. Mume wangu alidhani ni dirisha. Mimi nilijua: jikoni, kando ya hita, nilikuwa nimepanga chupa kumi na mbili za stangawizi.

Tunaishi Hamburg. Chupa hizo nimezikusanya miaka minne kwenye magulio ya vitu vya zamani: chupa za bia, nzito, jina la kiwanda limetokeza kwenye kioo, na kizibo cha kauri kinachobanwa kwa waya. Charles de Quillfeldt alipata hataza ya kizibo cha namna hiyo New York mwaka 1875, miaka 17 kabla ya William Painter kupata ya kizibo cha bati. Cha bati ukishaking'oa, basi. Cha waya unakifunga leo na kesho, mpaka mjukuu akirithi. Nimelelewa na mama aliyeweka mafuta ya nazi kwenye chupa iliyoingia nyumbani kabla yake. Kutupa chupa nzima siwezi.

Kuziosha nilitumia mchele, siki na maji ya vuguvugu, nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Ile mipira ya vizibo ilikuwa imekauka, imepasuka. Nikaitoa yote, nikavika mipya, myekundu.

Kumbe ile mibovu ndiyo iliyokuwa ikitulinda! Stangawizi zangu za nyuma zilivuja gesi polepole. Safari hii hamira iliendelea kula sukari kwenye joto la hita, gesi ikakosa pa kutokea. Iliyopasuka ni ile ya pembe nne, niliyoinunua kwa uzuri wake tu. Ubavu bapa hauhimili msukumo kama wa mviringo.

“Mama watoto, usisogee,” mume wangu alisema. Akavaa koti la baridi na glavu, akazifunika zilizobaki kwa blanketi, akafungua moja moja ndani ya taulo. Povu lilifika darini.

Asubuhi nilimpigia mama, Tanga.

“Ulizifunga lini?”

“Siku tano, mama.”

“Siku tano bila kuzipumulisha? Mwanangu, stangawizi hufunguliwa kila alfajiri, hata kidogo tu.”

Nilifagia vioo mpaka chini ya jiko. Kizibo kilikuwa kizima na waya wake. Kuna chupa ya mviringo niliyoinunua bila kizibo, ikakaa mwaka mzima kabatini. Nilikijaribu. Kimeingia sawasawa.