Wiki Moja ya Picha, Mwaka Mzima wa Kiza

Nyie mnaopita Jaws Corner mkampiga picha papa aliyechorwa ukutani kisha mkashika njia zenu, hebu kaeni kitako kidogo. Kahawa ipo, na kashata hazijesha. Papa yule ametoka kwenye sinema, ile Jaws ya mwaka 1975, na baraza yetu hii ya Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikachukua jina lake mpaka leo. Wazee wanakuja baada ya Alasiri, wanapiga dhumna, wanabishana siasa, na wote wamekaa chini ya jina la picha bila kuona ajabu. Tuone ajabu gani, na sinema ilikuwa yetu?

Nsyuu! Ilikuwa. Neno hilo ndilo linalonisonyesha.

Msinielewe vibaya, tamasha nalipenda. Kila mwaka kipupwe kikiingia naulizia siku zake kama mtu anayeulizia mwezi wa Ramadhani. Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo dunia inaliita ZIFF, liliweka picha zake za kwanza mwaka 1998, na tangu hapo Ngome Kongwe imekuwa ukumbi wa sinema kwa siku chache. Unaingia mlango ule mzito, unakaa kwenye ngazi za mawe, mbingu iko wazi, na kwenye pazia inapita picha ya Kenya, ya Bara Hindi, ya Afrika Kusini, ya kijana wa Bara aliyekopa kamera. Ikimalizika, ngoma zinapanda jukwaani na waliokuwa kimya sasa wanacheza. Miaka mingine walichukua pazia na mashine wakazipeleka mashamba na Pemba, watoto wakakaa mchangani kutazama. Jahazi la Dhahabu linatolewa, watu wanapiga makofi, wageni wanapanda boti. Siku ya pili viti vimeshakunjwa.

Sasa nambie, wiki inayofuata unakwenda wapi? Wiki ya tatu je? Mimi tamasha nalifananisha na harusi: zefe limepita, biriani limeliwa, halafu bwana na bibi harusi hawana chumba.

Na chumba kilikuwepo! Twende Vuga nikakuonyeshe. Mwaka 1921 ilifunguliwa pale nyumba ya sinema iliyoitwa Royal, mchoro wa Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Beit el Amani na mahakama kuu, mwenye kupenda matao na makuba. Baadaye ikaitwa Majestic. Ikaungua moto miaka ya 1950, na mji ule wa wakati ule haukusema basi. Mwaka 1955 ilikuwa imesimama tena, imechorwa upya na Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa kisasa wa siku zile. Majivu mpaka tiketi, miaka michache tu. Leo tuna simu zinazoongea na Toronto na Muscat kwa pumzi moja, na jengo lile lile limetushinda.

Wazee hapa barazani wanataja nyumba tatu: Majestic, Empire, Cine Afrique. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mtu amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mke buibui jipya, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'ara, wote wanakwenda picha ya Kihindi. Tiketi zikimalizika dirishani walanguzi wanakuuzia nje kwa bei wanayotaka wao. Picha ikiwa moja na nyumba mbili zinaitaka usiku ule ule, kazi ilikuwa ya mpanda baiskeli: mkanda wa kwanza ukimalizika Empire, kijana anaufunga nyuma ya baiskeli na kukanyaga mpaka Majestic, anaukabidhi, anarudi mbio kuuchukua wa pili. Akipata pancha, ukumbi mzima unakaa kizani unapiga miluzi. Nikisikia kisa hicho sichoki. Mji mzima ulikuwa unatazama hadithi moja usiku mmoja, imeunganishwa na miguu ya kijana.

Halafu kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, alasiri. Hili nalishika kwa mikono miwili, maana likitajwa watu hulipita haraka. Bi mkubwa ambaye usiku hatoki, alasiri ile alikwenda na mashoga zake na watoto mapajani, wakalia na Nargis wa picha za Kihindi, wakamzomea adui, wakarudi nyumbani kabla ya Magharibi wakiwa na la kuzungumza wiki nzima. Nani leo amempa mama wa Mji Mkongwe saa tatu za namna hiyo, nje ya nyumba na nje ya harusi?

Na mazungumzo yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Chukua Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Mna jaji mle anayeamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na picha nzima inamsuta. Tia swali hilo katika mji ambamo ukoo ulikuwa mizani ya posa, uone kahawa itakavyopoa vikombeni watu wakibishana.

Nami nikisema nyumba hizi zililea na taarabu, wengine wananiambia, wewe unachanganya, sinema ni sinema na taarabu ni taarabu. Haya, niambieni taarabu ilipata wapi nusu ya maji yake. Vikundi vyetu vya taarabu, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture tangu 1958, na wanamuziki wa mji huu walikaa kwenye viti vile vile na sisi. Picha za Misri zilileta sauti ya Umm Kulthum na Abdel Wahab pamoja na sura zao, mtu akaona udi unavyoshikwa na fidla zinavyopangwa. Picha za Kihindi zikaleta tuni ambazo baadaye zilivishwa maneno ya Kiswahili na kuimbwa harusini. Mwanamuziki aliingia ukumbini na masikio, akatoka na wimbo. Kwa hiyo tamasha linapoweka picha saa moja na muziki saa nne, linafuata desturi ya nyumba hizi, na ndiyo maana watu wanalipenda bila kufundishwa.

Nyumba hizi zilikufaje? Televisheni ya rangi ilitufika mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakingoja mpaka 1994. Kuagiza picha kukawa kugumu, video ikaingia majumbani, mashine zikachakaa. Sababu hizo nazikubali. Ninayoikataa ni ile wanayoisema mwisho, wakikunja uso: "Watu wameacha sinema." Nsyuu! Watu gani? Hao wanaojaza kibanda cha mpira mpaka mlangoni? Hao wa Bara waliobanana miaka na miaka kumsikiliza Lufufu akiwatafsiria picha za ngumi? Hapa hapa barazani, iwekwe televisheni jioni uone kama utapata pa kutia mguu. Watu wanataka kutazama pamoja. Walichokosa ni paa.

Na paa ndilo lililoporomoka. Majestic leo imebaki uso na kuta. Kila nikipita Vuga nasimama, na kila nikisimama nakumbuka Disemba 2020, siku jumba la Beit el Ajaib lilipoanguka upande mmoja, sote tukashika vichwa kama kwamba nyufa zilikuja usiku ule. Nyufa tulikuwa tukizitazama miaka. Wapo watu wa Hifadhi Zanzibar wanaopigania jengo la Majestic lifufuliwe, Mungu awape nguvu, na mimi nawaunga mkono mbele ya baraza hii yote. Ila naomba moja: lisije likafufuliwa likawa pahala pa mgeni kupiga picha na kunywa juisi ya ukwaju kwa bei ya mgeni. Mji huu una nyumba za hivyo za kutosha.

Kuna jambo limenikaa kooni. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya ya Vuta N'kuvute, watoto wetu wakaisoma skuli. Amil Shivji akaifanya sinema, ameipigia kwenye vichochoro hivi, na mwaka 2021 ikaonyeshwa Toronto. Toronto! Yasmin na Denge wa riwaya ile wamevuka bahari mbili. Sasa msichana wa Kikwajuni anayetaka kumtazama Yasmin Jumamosi hii, na mdogo wake, kwa pesa aliyopewa na mama yake, aende mlango gani? Mlango uliokuwa wake uko Vuga, umefungwa.

Mimi ningeanza na alasiri moja tu kwa wiki, ya wanawake, pazia la kitambaa likitosha kwa kuanzia. Ijumaa usiku Ikhwani Safaa wapige, waingie wazee bure. Jumapili picha ya Kihindi, ile ile ya zamani, tuone kama wajukuu hawatalia. Bei ya tiketi iwe ya kikombe cha kahawa na kashata mbili, tatu zikizidi. Ami mmoja hapa, aliyewahi kubeba mikanda kwa baiskeli, anasema bei hiyo haitalipa hata umeme. Namjibu umeme wa tamasha tunaupata kila mwaka, tunauomba kwa wafadhili mpaka wa Ulaya, na hatuoni haya. Anatikisa kichwa. Anasema tena, hesabu, mwanangu, piga hesabu...

Adhana hiyo. Tutazipiga hizo hesabu baada ya Magharibi, Ami. Na mwenye ufunguo wa Majestic akipita, mwambieni tupo hapa hapa, chini ya papa.