Namna ya Kupigwa Kisu cha Urembo Ukiwa na Sukari, Presha na Haraka

Kwanza pata tarehe. Mtu mwenye sukari na presha asiye na tarehe mbele yake huweza kukaa akafikiri, na kufikiri ndiko kunakoharibu safari hii. Harusi ya mtoto wa dada yako Mambrui itafaa sana, hasa ikiwa zimebaki wiki sita na sare zimeshakatwa. Mume anayerudi kutoka Ghuba anafaa vilevile. Ukishakuwa na tarehe, kila atakayekuambia ungoje utamjua kuwa ni hasidi.

Kisha tafuta daktari wa mbali. Wengi wetu huku, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, tukitaka kufyonzwa mafuta ya tumbo tunapanda basi kwenda Mombasa au Nairobi, na umbali huo una heri yake: huko hakuna mwenye faili lako. Muuguzi wa kliniki yako ya sukari anajua umekosa dawa mara ngapi mwaka huu. Huyo usimuage.

Daktari mchague kwa picha: tumbo kabla, tumbo baada, na mkono wenye glavu ukionyesha dole gumba. Sajili ya KMPDC, lile baraza la madaktari, iko mtandaoni, na kutafuta jina humo hakuchukui muda mrefu kuliko kukopa Fuliza. Lakini haina picha hata moja. Kazi yake ni kusema nani ana leseni na amebobea katika nini, na ukiisoma sana huenda ukagundua kwamba bingwa wako hakubobea popote. Oktoba 2024 mteja mmoja alifariki baada ya upasuaji katika kliniki ya urembo jijini Nairobi, na mwezi uliofuata baraza likaifunga kliniki hiyo. Habari kama hizo zipite haraka kwa kidole, urudi kwenye matumbo.

Sasa fomu. Utapewa karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ukae kwenye kiti cha plastiki ujibu. Una sukari? Presha? Moyo? Pumu? Selimundu? Unatumia dawa gani? Umewahi kupewa nusukaputi? Andika hapana, hapana, hapana, mpaka chini, utie sahihi. Vidonge vyako vya sukari, metformin, vibaki vimefungwa kwenye pindo la leso.

Sukari haina shida kuificha kwa siku moja. Lala na njaa, kunywa maji, na kipimo cha kidoleni kitatoka cha kupendeza. Tatizo ni kipimo kingine kiitwacho HbA1c. Hicho ni mmbea wa kutupwa: kinasimulia sukari yako ya miezi miwili mitatu iliyopita, na mahamri ya kila asubuhi hakiyasahau. Madaktari wengi wakikuta kimepita asilimia 8 huahirisha upasuaji usio wa lazima. Sababu zao ni kwamba sukari ikikaa juu mishipa midogo haifikishi damu vizuri kwenye ngozi, chembe za kupambana na vijidudu hulegea, na mshono hukataa kushika. Na mshono wa kupunguza tumbo hutoka nyonga hadi nyonga. Tafuta kliniki isiyopima.

Muguka, yale majani ya kutafuna, pia usiutaje. Gavana wa Kilifi aliupiga marufuku Mei 2024, Ikulu ikasema marufuku hayana nguvu, na katikati ya mabishano hayo wewe uliendelea kutafuna. Kilichomo humo huchapuza moyo na kupandisha presha, jambo ambalo mtoa dawa ya usingizi angependa kulijua kabla hajachanganya dawa zake. Vivyo hivyo ile sindano ya kila wiki ya kupunguza mwili, uliyoletewa na shoga yako kutoka Dubai. Sindano ile huchelewesha chakula tumboni. Unaweza kufunga usiku kucha kama ulivyoagizwa, na pilau ya jana bado iko palepale, tayari kupanda kooni na kuingia mapafuni ukiwa umelala. Mwaka 2023 madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa ushauri isitishwe wiki moja kabla ya upasuaji. Yote hayo yanaepukika kwa neno moja fupi kwenye ile fomu.

Selimundu nitaisema kwa urefu kidogo, maana kwetu Kilifi si ugonjwa wa vitabuni. Watafiti wa taasisi za KEMRI na Wellcome walianza kazi pale mwaka 1989, na wameufuatilia kwa watoto wetu miaka nenda miaka rudi. Wako watu wazima wengi tu waliobeba kinasaba chake bila habari. Kwa aliye na ugonjwa wenyewe, chumba cha upasuaji kina kila anachokatazwa: ubaridi wa kiyoyozi, kiu ya kufunga, na hatari ya hewa kupungua kwenye damu. Chembe za damu zikijikunja huziba mishipa, maumivu yakaanza kifuani au mifupani. Akisema mapema, atatiwa maji, atafunikwa, damu yake itaangaliwa kabla. Akinyamaza, atashonwa vizuri sana.

Mtu wa kumwogopa hasa hashiki kisu. Ni huyo mtoa dawa ya usingizi, akija kukuona kabla ya siku yenyewe. Atakuambia fungua mdomo, toa ulimi, inua kidevu, kisha akuulize meno ya bandia. Atauliza ukipanda ngazi za ghorofa mbili unasimama wapi kuvuta pumzi. Atauliza kama unakoroma, na hapo ndipo utakapojuta kumleta mume. Vidole navyo vipambe piko nyeusi hadi kwenye kucha, kwa kuwa kile kibanio cha kupima hewa ya damu husoma kwa kupitisha mwanga kidoleni, na weusi ule waweza kukichanganya. Nafuu zaidi ni kliniki isiyo na mtu huyu kabisa, ambako mkata ndiye mlazaji, na chumba cha mahututi ni cha hospitali nyingine, ng'ambo ya foleni ya magari.

Ukikataliwa usife moyo. Donda West, profesa na mama yake mwanamuziki Kanye West, alimwendea daktari mmoja wa California, naye, kwa maelezo yake ya baadaye, akataka kwanza apate kibali cha kitabibu kwa sababu ya afya yake. Mama akaenda kwa mwingine. Alifanyiwa upasuaji Novemba 2007, akarudi nyumbani, na siku iliyofuata akafariki, akiwa na miaka 58. Mchunguzi wa maiti alitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na mambo ya baada ya upasuaji. Yaani ile “ndiyo” ilipatikana. Hutafutwa, na ikitafutwa kwa pesa taslimu haikawii.

Baada ya kisu, panda basi la usiku. Kutoka Nairobi hadi Malindi utakaa saa nyingi magoti yamekunjwa, nguo ya kubana imekushika mbavuni, hunywi maji ili usisumbue dereva asimame. Damu ya miguuni hupenda kuganda kwa mtindo huo, na donge likikatika husafiri hadi mapafuni. Madaktari watakuambia ukae karibu na hospitali siku kadhaa, utembee, unywe. Lakini hoteli ni gharama, na hela imekwishia kwenye kisu.

Sasa nikutahadharishe na janga lenyewe, daktari asiye na haraka. Huyo atasoma fomu, atatazama pindo la leso, atauliza kuna nini humo. Atakupima HbA1c na kukuambia uirudishe chini kwanza, urudi baada ya miezi mitatu. Harusi itakuwa imepita. Kwenye picha utaonekana na tumbo lako vilevile, mstari wa pili, kati ya mashangazi, nao wana yao.