Kunguru wa Kola Nyeupe

Zamani zile ndege wa Lubumbashi walipokuwa na ufalme wao, juu ya kilima cheusi cha mabaki ya shaba, yaliyorundikwa tangu tanuru lilipowashwa mwaka 1911, alitua Kunguru mwenye kola nyeupe shingoni, akapaza sauti ikasikika toka Kamalondo hadi Katuba, akisema kwamba yeye ni mjukuu wa wale kunguru waliomlisha nabii Eliya penye kijito cha Kerithi, na kwamba deni lile halijalipwa. "Babu zangu walibeba mkate na nyama asubuhi na jioni, nchi nzima ikiwa na njaa," alisema. "Sasa ni zamu yenu kubeba."

Shomoro, ambao ni wengi na wepesi wa kuamini, waliona haya kuitwa wadaiwa wa Mungu. Wakawa wanaokota chenga za mahindi chini ya mashine za kusagia unga katika soko la mtaa wa Kenya, wakizipeleka kilimani kabla ya kuonja, na Kunguru akizila mbele yao, akipangusa mdomo kwenye jiwe, ndipo awabariki. Kiangazi kilipokaza, na mama wa mjini nao wakawa wanapepeta hadi punje ya mwisho ya unga wa bukari, ugali wao, Kunguru hakupunguza sadaka, aliongeza mahubiri.

Alifungua Injili ya Luka pale wanapotajwa shomoro watano kwa senti mbili, akawapigia hesabu: kwa kuwa Mathayo anataja wawili kwa senti moja, basi wanne ndio wenye bei, na wa tano ni matabishi, anayetupiwa mnunuzi ili kesho arudi. "Nani kati yenu anajua kwamba si yeye wa tano?" aliuliza. "Atakayeleta maradufu ndiye atakayehesabiwa." Hofu ikawaingia, kila mmoja akamtazama jirani yake akiomba huyo ndiye awe matabishi. Mama Shomoro mmoja, mwenye makinda watano, alileta maradufu siku hiyo, na makinda wake wakalala midomo wazi. Sijui wizi mbaya kupita huo, wa kulichukua neno lililosemwa ili kumfariji mnyonge na kuligeuza fimbo ya kumchapia.

Mvua za Novemba zilimleta Korongo, ambaye nabii Yeremia anamtaja kwa kuyajua majira yake, akitokea kaskazini kwa njia ipitayo bonde la Yordani. Alitua katikati ya mkutano, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Ndugu yangu Kunguru, mimi nawe sote tumeandikwa najisi katika Torati. Hata hivyo babu zako walikabidhiwa mkate, nao walikuwa na njaa kama kila kiumbe wa nchi ile, wakaufikisha bila kuumega. Mkate ule ulitoka mdomoni mwa kunguru ukaenda kwa mwenye njaa. Huu wako unaelekea wapi? Na huyo wa tano unayewatishia wenzako, Bwana alimtaja ili wajue kwamba hata yeye hasahauliki."

Kunguru hakumjibu. Aliwageukia shomoro, akawauliza kama yafaa kumsikiliza mgeni asiye na kiti kanisani, ajaye mvua zikija na kuondoka zikikatika. Kisha akatangaza mfungo wa siku saba ili kuondoa laana ya maneno yale, na kwamba chenga za siku hizo zote ziwekwe kwake.

Siku ya tatu ya mfungo Mama Shomoro alipita juu ya kilima na chenga mdomoni. "Wewe wa tano!" Kunguru aliita, kwa maana siku zote hizo hakuwahi kumuuliza jina. Mama Shomoro hakugeuka. Alishika njia ya Katuba, kwenye paa la bati walikokuwa makinda wake, na nyuma yake jirani zake wawili wakaanza kuchepuka.