Mwizi wa Bando

Bando la nyumbani likiisha kabla ya mwezi kwisha, kesi husikilizwa sebuleni na mshtakiwa hujulikana mapema: dada wa kazi. Ushahidi? Alionekana akicheka na simu. Kisimu chenyewe kioo kimepasuka, na kazi yake kubwa ni kupokea salamu za WhatsApp kutoka kwao. Maandishi matupu! Hakimu ni baba, naye huisoma hukumu akiwa na rimoti mkononi.

Nyuma yake, televisheni ya inchi 65 inaonyesha filamu isiyo na mtazamaji. Netflix wenyewe wanaeleza: picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, ya 4K hadi GB 7. Baba akisinzia, inameza. Akikoroma, inameza. Simu yake ya bei mbaya nayo usiku hupakia mtandaoni video zote za harusi, kisha hujisasisha. Kamera ya getini inarusha sinema ya paka.

Ruta nyingi zina ukurasa unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa, na baadhi huonyesha kila kimoja kimekula kiasi gani. Nywila ya kuingilia mara nyingi imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Lakini nani ahangaike kugeuza ruta, wakati kumgeuzia dada macho ni bure?

Waheshimiwa mahakimu wa sebuleni, kabla ya kumpokonya binti wa watu simu, zimeni kwanza hiyo televisheni. Na ile nywila ya Wi-Fi mliyompa jirani siku ya msiba, ibadilisheni.