Namna ya Kumpata Babu Yako Aitwaye Jones

Hongera. Umerithi jina la Jones, na leo umeamua kutafuta mzizi wake. Funga safari ya Wales, ila usiahidi kumpikia kila ndugu utakayemkuta.

Hatua ya kwanza: isamehe herufi J. Alfabeti ya asili ya Kiwelisi haina J. Jina lililojaa kuliko yote nchini linaanza na herufi ya kuazima, wala mwenyewe hajaja kuidai.

Hatua ya pili: jifunze neno "ap". Ap ni bin, na "ferch" ni binti. Zamani mtu aliitwa Dafydd ap Rhys ap Hywel, na ukimpa nafasi anakufikisha kwa babu wa saba. Sheria za 1536 na 1543 zikaiunganisha Wales na Uingereza, na makarani wa Kiingereza hawakuwa na subira ya kuwasikiliza mababu wote hao. Basi taratibu jina la baba likaganda: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owen akawa Bowen. Mwana wa John akawa Jones. Kwa bahati yako mbaya, akina John walikuwa wengi mno.

Hatua ya tatu: fungua daftari la ubatizo. Utamwona John Jones, mwana wa John Jones. Usishangilie. Teremsha kidole mstari mmoja.

Hatua ya nne: liache jina, uliza kazi. Wanakijiji walishagundua kwamba jina halimtambulishi mtu, wakawaita watu Jones Maziwa, Jones Mkate, Jones Posta. Omba Mungu babu yako awe aliuza kitu kimoja tu.

Hatua ya tano: nenda makaburini. Sugua kuvu kwenye bamba la sleti. Chini ya jina utasoma shamba alikoishi marehemu. Pen-y-bryn! Umempata! Kabla hujalia, jua kwamba maana yake ni "juu ya kilima", na Wales vilima ndiyo nchi yenyewe.

Hatua ya sita: usikimbilie ukoo wa mashuhuri. Tom Jones, mwimbaji wa Pontypridd, alizaliwa Woodward. Kama ungetaka Jones wa kweli, ungekwenda Cardiff mwaka 2006, walipokusanyika 1,224 ukumbi mmoja kuweka rekodi ya dunia. Hebu fikiria mtu aliyesimama mlangoni akaita, "Bwana Jones, simu yako!"

Ukishindwa kabisa, fuata nyayo za Wawelisi waliohamia Patagonia, Argentina, kwa meli ya Mimosa mwaka 1865. Huko kuna mji uliopewa jina la kiongozi wao, Lewis Jones. "Tre" ni mji, na mji wenyewe unaitwa Trelew. Wamechukua Lewis. Jones wamemwachia mwenyewe.