Kutua Buzwagi Bila Kutoka Sebuleni

Kutua kwa macho ni kuishusha ndege kwa kutazama nje. Rubani huiona njia ya kurukia, hukadiria kwa jicho umbali na kimo, kisha hufika chini bila kuongozwa na mawimbi ya redio. Marubani wengi huanza kujifunza kwa namna hii. Mkazi wa mji wa Kahama, Tanzania, asiye na ada ya chuo cha urubani hujifunzia sebuleni, kwenye simyuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza ndege, anga na ardhi. Humo mtu anaweza kuanguka mara sita kabla ya chai na asipungukiwe na kitu isipokuwa heshima mbele ya wadogo zake.

Mashine za kuigiza urubani ni za zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake, alitengeneza kijindege kilichotikiswa kwa mivukuto ya kinanda. Mwanafunzi alifungiwa ndani akasoma mishale ya vipimo tu, hivyo kutua kwa macho hakukuwezekana humo. Ilibidi kungoja kompyuta zenye kioo. Microsoft ilitoa simyuleta yake ya kwanza mwaka 1982, na toleo lake la 2020 linadai zaidi ya gigabaiti 100 kabla ndege haijawasha injini. Kwa mnunuzi wa bando, hiyo si programu tena, ni mradi wa ukoo. Ndiyo maana wengi huishia kwenye FlightGear, ambayo ni ya bure, ilianza miaka ya 1990, na huweza kushushwa kidogo kidogo kwa bando la usiku au kuletwa kwenye flashi na ndugu anayetoka Mwanza.

Kabla ya kuruka, kifaa cha kuongozea kinahitaji kufikiriwa. Joistiki huigeuza ndege kwa kadiri mkono unavyosukuma. Kibodi haina kadiri: mshale wa kushoto ama umebonyezwa ama haujabonyezwa, na ndege ya mwanafunzi wa kibodi hutembea angani kwa kuyumba, ikitubu kushoto na kukosa tena kulia. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ina hatari yake. Umeme ukikatika ndege ikiwa futi 200 juu ya ardhi, safari hiyo haihesabiwi kuwa imetua wala kuwa imeanguka, na mwanafunzi huachwa gizani akiwa na hoja ya kudai kwamba ile ingekuwa nzuri kuliko zote.

Kosa la kwanza la Kahama ni la kimo, nalo linastahili kukaliwa kitako. Kipima kimo cha ndege huhesabu kutoka usawa wa bahari. Kahama ipo kama mita 1,200 juu ya bahari, yaani karibu futi 4,000. Ndege iliyoegeshwa, magurudumu chini, rubani akinywa maji, tayari inasoma futi 4,000. Video nyingi za mafunzo hutengenezwa kwenye viwanja vilivyo karibu na bahari, ambako mwalimu husema shuka hadi futi 1,000 kisha zunguka uwanja. Mwanafunzi mtiifu wa Kahama akianza kuzitafuta futi 1,000 hizo atakutana na mwembe zikiwa zimebaki kama futi 3,000 kwenye hesabu yake. Kimo sahihi cha kuzungukia uwanja hapa ni futi 5,000 hivi: elfu nne za ardhi, elfu moja za hewa.

Mwinuko huo una deni jingine. Hewa ya juu ni nyepesi, na kipima mwendo hupima msukumo wa hewa, si kasi halisi. Kasi ya kweli huzidi inayosomwa kwa asilimia 2 hivi kwa kila futi 1,000. Cessna 172 inayokuja kutua ikisoma maili 65 za bahari kwa saa, Kahama inakwenda kama maili 70. Jicho lililozoea viwanja vya pwani huona ardhi inakimbia, mkono hupunguza mwendo, na ndege, ambayo inafuata hewa na si jicho, hudondoka.

Baada ya hapo uwanja lazima uonekane. Kutoka Mwanza hadi Kahama ni kama kilomita 160 kwa mstari ulionyooka, na msaada mkubwa ni reli: ifuatwe kuelekea kusini kupitia Shinyanga hadi Isaka, kisha rubani ashike barabara kuu kwenda magharibi. Uwanja uko kwenye mgodi wa Buzwagi, kabla ya kufika mjini. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa 2021, na shimo lake lilipaswa kuwa alama isiyokosewa. Tatizo ni kwamba simyuleta nyingi huchora milima na mabonde kwa vipimo vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Katika ulimwengu huo Buzwagi haijachimbwa, dhahabu yote bado ipo chini, na anayetafuta shimo hupita juu ya uwanja akiulaumu mgodi. Picha za satelaiti zikitandazwa juu ya vipimo hivyo, shimo hutokea likiwa limepakwa rangi juu ya ardhi tambarare.

Kuukosa uwanja si aibu ya wanafunzi peke yao. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua uwanja wa Arusha, kilomita 50 hivi kutoka ilikotakiwa. Njia ya kurukia ya Kilimanjaro ilikuwa na ndege ndogo iliyoharibika. Njia za viwanja vyote viwili zimeelekea mashariki na magharibi na zina namba zilezile, 09 na 27. Kilimanjaro ina mita 3,600; Arusha ilikuwa na mita 1,620 hivi. Ndege ilisimama salama, ikaishia kukwama kwenye nyasi, na hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye iliondoka ikiwa nyepesi. Jicho linapotafuta lami likaipata, huwa halisumbuki kuuliza ni lami ya nani.

Kuzunguka uwanja hufuata mpango mmoja duniani kote: ndege hupita sambamba na njia, kwa kawaida ikiiacha kushoto, kisha hukata kona mbili na kuikabili. Kona ya kwanza hukatwa pale mwanzo wa njia unapoonekana nyuzi 45 nyuma ya bega. Kwenye kioo kimoja bega halipo. Mwanafunzi hulazimika kugeuza mtazamo kwa kitufe, akiangalia uwanja kushoto huku ndege, bila msimamizi mbele, ikianza kuinama taratibu. Hapa ndipo watazamaji waliojaa nyuma ya kiti huwa kama wale wa drafti kijiweni: hakuna aliyewahi kushinda, wote wanajua hatua inayofuata.

Njia ikishakuwa mbele, kanuni ni moja. Mahali pa kugusia panapaswa kutulia mahali pamoja kwenye kioo. Pakipanda, ndege itaishia kabla ya njia, pakishuka, itapitiliza. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3, karibu futi 300 kwa kila maili ya bahari. Viwanja vyenye taa za PAPI, zinazoonyesha mteremko huo, husaidia: mbili nyeupe na mbili nyekundu ni sawa, nne nyeupe ni juu mno, nne nyekundu ni chini mno. Pasipo taa, njia nyembamba humdanganya mtu aliyezoea njia pana. Huonekana iko mbali, yeye hujiona yuko juu, hushuka zaidi, na uzio humsahihisha.

Mita chache za mwisho ndizo ngumu zaidi kwenye simyuleta. Kioo bapa hakina kina, na matako hayahisi chochote. Dawa inayofanya kazi ni kuacha kukodolea lami iliyo chini ya pua na kutazama mwisho wa njia, kupunguza nguvu ya injini, kisha kuinua pua kidogo kidogo. Anayeinua mapema husimama hewani hadi mabawa yaishiwe nguvu, anayechelewa hudunda. Ndege ikidunda sana, tiba ni kuongeza nguvu yote na kupaa tena, ingawa vidole vya kibodi hupendelea kuisukuma pua chini, na mdundo wa tatu ndio huvunja gurudumu la mbele.

Ikisimama, hufungwa breki ya maegesho na injini huzimwa. Hatua hiyo hurukwa mara nyingi, na rubani aliyekwenda jikoni kutazama maharage hurudi kukuta ndege imevuka uzio yenyewe, taratibu, ikielekea Isaka.